Phyle, 403 KK: ngome ya mpakani iliyogeuka kuitazama Athens

Majira ya baridi, mwaka 404 ukiingia 403 KK, watu wapatao 70, wengi wao Waathene waliokimbia mji wao, walitoka mji wa Thebes na silaha zao, wakaupanda mlima Parnes unaoitenga Boeotia, nchi ya Thebes, na Attica, nchi ya Athens, wakaingia mahali panapoitwa Phyle. Xenophon, ambaye ndiye msimulizi wetu mkuu, analimaliza jambo zima kwa sentensi moja: Thrasybulus, kiongozi wao, aliondoka Thebes na watu kama 70, akaitwaa Phyle, mahali penye nguvu. Basi. Hataji lango lililovunjwa, wala ngazi iliyoegeshwa ukutani, wala mlinzi aliyechinjwa usingizini. Kabla mwaka haujaisha, serikali ya Athens iliyokuwa na raia wa kuaminika 3,000 kwenye orodha yake, askari wa farasi, na kikosi cha Wasparta kilichopiga kambi juu ya Acropolis, kilima cha ngome katikati ya mji, ilikuwa imeanguka.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama hadithi ya ushujaa, na ushujaa haukukosekana. Mimi nakitazama kwa upande wa mwamba wenyewe. Watu husema ngome ya aina hii "iliifunga njia" ya mlimani. Katika kisa cha Phyle hakuna njia iliyofungwa. Hakuna jeshi lililotoka Boeotia likazuiwa pale, na walioipigania ngome kwa pande zote mbili wengi wao walikuwa Waathene. Kwa hiyo swali ni hili: ngome iliyowekwa kumkabili jirani wa kaskazini iliwezaje kuiangusha serikali ya kusini, iliyokuwa mwenye ngome yenyewe?

Mahali penyewe

Parnes, ambao leo Wagiriki huuita Parnitha, ndio mlima mkubwa kuliko yote ya Attica. Kilele chake kina mita 1,413. Jeshi lililotaka kuvuka kati ya Athens na Boeotia lilikuwa na njia chache za kuchagua. Upande wa magharibi, kwenye mlima Cithaeron, kulikuwa na kilango cha Eleutherai, njia kubwa ya kwenda Plataea na Thebes. Mashariki kulikuwa na njia ya Decelea, iliyoelekea Oropos. Katikati ya hizo mbili ilipita njia ya mkato: kutoka mjini hadi Acharnae, kuingia korongoni, kupanda hadi Phyle, kisha kushukia uwanda wa juu wa Skourta na kuendelea Thebes. Ni fupi, ila ina mwinuko wa kuumiza magoti, na haikuwafaa watu wenye mikokoteni mizito.

Phyle iko kama mita 680 juu ya usawa wa bahari, juu ya mwamba ulioteremka kwa ukali karibu pande zote, ukabaki na shingo nyembamba ya kuingilia. Anayesimama pale anauona uwanda wa Athens umetandazwa chini yake. Mwanahistoria Diodorus anasema ni stadia 100 kutoka mjini, yaani kilomita 18 hivi. Mtu akitoka Athens alfajiri anafika mchana huohuo, na habari ya moto uliowashwa pale juu inafika mapema zaidi.

Mgeni anayepanda leo anakuta kuta nzuri ajabu za mawe ya chokaa yaliyochongwa na kupangwa kavu, bila chokaa ya kushikilia, zenye unene wa mita mbili na nusu hivi, na minara ya mraba pamoja na mmoja wa duara. Upande wa magharibi sehemu ya ukuta imeporomokea korongoni. Ni rahisi kusimama pale ukamwona Thrasybulus akichungulia mnarani. Ila kuta hizo kwa kawaida huhesabiwa kuwa za karne ya 4 KK, baada ya kisa chetu. Xenophon mwenyewe anasema "mahali penye nguvu", hasemi ukuta. Nguvu ya majira yale ya baridi ilikuwa ya mwamba, shingo nyembamba na mlima nyuma yake. Tunalosimulia ni kisa cha mahali. Mawe yaliyochongwa yalikuja baadaye, na yalikuja kwa sababu kisa kilikuwa kimekwisha kufundisha.

Mwenye nyumba aliyeacha mlango

Athens ilikuwa imeshindwa vita na Sparta. Meli zake ziliangamia Aegospotami mwaka 405, mji ukazingirwa hadi njaa ikaushinda, na mwaka 404 ukasalimu amri. Korintho na Thebes walitaka ufutwe kabisa, Sparta ilikataa. Kuta Ndefu zilizouunganisha mji na bandari ya Piraeus zikabomolewa, na chini ya kivuli cha Lysander, jemadari wa Sparta, likawekwa baraza la watu 30. Historia huwaita hivyo tu: wale Thelathini. Critias ndiye aliyekuwa mkali wao.

Waliua watu wasiopungua 1,500. Wengine waliuawa kwa siasa, wengine kwa mali. Wageni wakazi wenye biashara walikamatwa nyumbani kwao. Mmoja wao, Polemarchus, alinyweshwa sumu, na mdogo wake Lysias, aliyekuwa na karakana ya ngao pamoja naye, aliponyoka. Kisha Thelathini wakaandika orodha ya raia 3,000 ambao ndio tu wangekuwa na haki na silaha. Wengine wote wakanyang'anywa silaha zao, zikapelekwa Acropolis.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, na si kosa la kijeshi tu. Serikali ikishawanyang'anya raia wake silaha, imekwisha kusema adui wake ni nani. Ngome zake hazikupaswa tena kupangwa kama za nchi inayomwogopa jirani. Thelathini walijilinda ndani ya mji, wakamlipia mlinzi wa kigeni akae juu ya Acropolis, lakini kilango cha mlima, njia ambayo wakimbizi wao walipita kutoka na ndiyo wangerudi nayo, hawakukitia walinzi wa kutosha kuwazuia watu 70. Naona walifikiri hivi: Boeotia ni mshirika wa Sparta, Sparta ni rafiki yetu, kwa hiyo kaskazini kumetulia. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wao walikuwa wanaangalia nguo za jirani.

Na kaskazini hakukutulia hata kidogo. Thebes, iliyotaka Athens iteketezwe mwaka uleule, ilikuwa imegombana na Sparta juu ya mgawo wa nyara na ubwana wa Ugiriki. Sparta ilipotoa amri kwamba wakimbizi wa Athens wakamatwe popote walipo na kurudishwa, Thebes ilijibu kwa maazimio ambayo mwandishi Plutarch ametuhifadhia. Kila nyumba na kila mji wa Boeotia uwe wazi kwa Mwathene mwenye shida. Atakayeona mkimbizi akikamatwa asimsaidie, faini yake talanta moja. Na mtu akipitisha silaha Boeotia kuzipeleka Athens dhidi ya madhalimu, Mthebe asione wala asisikie. Azimio hili la mwisho nalipenda kuliko yote, maana limetungwa na mtu anayejua biashara ya magendo. Hawakusema watawapa silaha. Walisema tu kwamba macho yatakuwa yanatazama kwingine.

Silaha zikapatikana. Lysias, ambaye karakana yake ilikuwa imeporwa, anatajwa kuwa alichangia drakma 2,000 na ngao 200, na akasaidia kukodi askari 300. Hayo hayakuja siku moja, lakini yanaonyesha Phyle ilikuwa na nini nyuma yake: mpaka ulio wazi. Ngome yenye mpaka wazi mgongoni huwezi kuizingira kwa kuziba upande mmoja tu.

Somo la Decelea

Kabla ya kuingia kwenye mapigano, lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu sidhani kama Thrasybulus aliokota wazo lake njiani.

Mwaka 413 mfalme Agis wa Sparta alijenga ngome Decelea, ndani ya ardhi ya Attica, stadia 120 kutoka mjini. Hapo kabla Wasparta walikuwa wakija kiangazi, wanaharibu mashamba, wanaondoka. Safari hii hawakuondoka. Decelea haikuuzuia mji kupata chakula kwa meli, wala haikuwahi kuuvamia ukuta wa Athens ukaanguka. Ilichofanya ni kukaa tu. Kwa kukaa kwake watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka, wengi wao mafundi, kwa hesabu ya mwanahistoria Thucydides. Wenye mashamba wakakosa kulala kwao. Na farasi wakachechemea kwa doria za kila siku kwenye ardhi ya mawe. Athens iliishi na mwiba huo kwa miaka 9.

Thrasybulus, mwana wa Lycus kutoka kijiji cha Steiria, alikuwa jemadari kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Yeye na kizazi chake chote walijua kwa maumivu kwamba ngome ndogo iliyo karibu na adui hufanya kazi kwa kuwapo tu. Phyle iko umbali kama uleule wa Decelea. Tofauti ni kwamba Decelea ilihitaji jeshi la mfalme kuijenga, na Phyle ilikuwa imelala pale tayari.

Jua, kisha theluji

Thelathini hawakuchelewa. Walipopata habari walitoka mjini na wale 3,000 pamoja na askari wa farasi, na Xenophon anaongeza kwamba siku hiyo hali ya hewa ilikuwa nzuri sana. Anaiweka sentensi hiyo makusudi, anajua kinachokuja.

Walipofika, baadhi ya vijana walipandwa na jazba wakaushambulia mwamba moja kwa moja. Hawakupata kitu, wakarudi na majeraha. Hapo viongozi wakaamua jambo la akili: kuizungushia Phyle ukuta, kukata njia za chakula, na kuisubiri njaa. Wasomaji wanaijua ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa haikuwa methali. Walikuja kweli na nia ya kujenga ukuta, mlimani, kwa sababu ya ufa ambao watu wachache wa ulinzi wangeuziba wiki chache nyuma.

Usiku ule theluji ikaanguka nyingi, na kesho yake ikaendelea. Jeshi lililopanda katika jua lilijikuta halina makao wala namna ya kuchimba msingi. Likafungasha, likateremka kwenye theluji, na watu wa Phyle wakalifuata nyuma wakiwaua wengi wa wabeba mizigo na watumishi wa kambi.

Mtu anaweza kusema hii ni bahati. Thrasybulus mwenyewe, miezi michache baadaye akiwahutubia watu wake Piraeus, alisema ni miungu: huleta dhoruba katikati ya hali nzuri inapotufaa. Mchambuzi hana budi kuwa mchoyo zaidi wa sifa. Theluji kwenye mita 680, katikati ya majira ya baridi, juu ya mlima ambao hupata theluji, si muujiza. Aliye juu ana mwamba wa kumkinga, kuni zake amekwisha kuzikusanya, na hana pa kwenda. Aliye chini yuko wazi, na ana nyumba yenye joto kilomita 18 nyuma yake. Hali ya hewa iliwapiga wote wawili sawa, ila mmoja tu ndiye aliyekuwa na sababu ya kuondoka. Aliyechagua kupanda majira ya baridi alikuwa amechagua upande wa theluji kabla haijaanguka.

Ndani ya kambi

Tunajua kidogo sana kuhusu maisha ndani ya Phyle, lakini kuna tukio moja lililohifadhiwa kwenye hotuba ya mahakamani ya Lysias dhidi ya mtu aitwaye Agoratus, na mimi huliona la thamani kuliko maelezo ya vita.

Agoratus alikuwa mtoa taarifa. Kwa ushahidi wake watu kadhaa walikuwa wameuawa mwanzoni mwa enzi ya Thelathini. Upepo ulipogeuka, akapanda Phyle kujiunga na wakimbizi. Walipomwona walimkamata, wakamkokota kwenda naye mahali walipozoea kuwaulia majambazi na wahalifu waliowashika. Anytus, aliyekuwa mmoja wa makamanda pale, akawazuia. Hakusema Agoratus hana hatia. Alisema bado hawajafikia hali ya kuwaadhibu maadui zao; sasa watulie, wakirudi nyumbani ndipo watawaadhibu wakosaji. Agoratus akaachwa hai. Lakini hakuna aliyekubali kula naye meza moja wala kulala naye hema moja, na kamanda wa kikosi hakumwandika katika kabila lolote. Alitembea kambini kama mtu mwenye uchawi.

Tazama yaliyomo katika kisa kidogo hiki. Kwenye mwamba ule palikuwa na mahali maalumu pa kuulia wahalifu, palikuwa na makamanda, palikuwa na vikosi vilivyopangwa kwa makabila kama jeshi halali la Athens. Hawa si watu waliojificha pangoni. Walikuwa wameanza kuendesha dola, ndogo, yenye baridi, ya watu mia chache. Na hii nadhani ndiyo kazi kubwa ambayo ngome iliifanya, kubwa kuliko kurudisha nyuma wale vijana wenye jazba: iliwapa wakimbizi anwani. Mwathene aliyekuwa amejificha Megara au Chalcis hakuweza kujiunga na "upinzani", kwa sababu upinzani si mahali. Phyle ni mahali. Walikuwa 70, ghafla wakawa 700.

Kuhusu hesabu hiyo ya 70, waandishi hawakubaliani. Pausanias msafiri anasema 60, Nepos anasema 30, na Diodorus anazungumzia hadi 1,200 mwishoni. Kwa waandishi wa baadaye idadi ya walioondoka Thebes iko chini ya ile ya Xenophon, jambo la kawaida kwa hadithi za mashujaa: wachache huwa wanazidi kupungua.

Alfajiri ya wapiga brashi

Thelathini walibadili mbinu. Safari hii hawakujaribu kuiteka Phyle. Walitaka kuyalinda mashamba yasiporwe na watu wake. Wakatuma karibu kikosi kizima cha Wasparta, pamoja na makabila mawili ya askari wa farasi, wapige kambi penye vichaka, kama stadia 15 kutoka ngomeni, karibu kilomita 2 na robo tatu.

Kwenye karatasi, huo ni mpango mzuri. Ni ule uleule wa Decelea uliogeuzwa: usiishambulie ngome, izungushie doria, iache iwe gereza. Ubaya wake ni kwamba walioizingira ndio sasa waliokuwa kambini porini, bila ukuta, na waliozingirwa ndio waliokuwa na pa kukimbilia wakishindwa.

Usiku Thrasybulus akateremka na watu wake 700. Waliziweka silaha chini stadia 3 au 4 kutoka kambini, yaani kama mita 600 hivi, wakatulia. Kulipopambazuka, kambini watu walianza kuamka na kutoka huku na huku kwa haja zao, mbali na silaha. Watunza farasi walikuwa wakiwasugua farasi kwa brashi, kwa kelele. Hapo watu wa Phyle wakaziokota silaha wakaingia mbio.

Kelele za brashi ndizo zinazonifanya nimwamini Xenophon hapa. Hakuna msimulizi anayebuni kitu kama hicho akiwa mezani. Mtu amekaa na askari wa farasi, au alikuwa mmoja wao, ndipo ajue kwamba saa ile ya asubuhi kambi yao haisikii kitu kingine.

Wakawafukuza stadia 6 au 7. Waliuawa zaidi ya askari 120 wa miguu, na kwa upande wa farasi, Nicostratus aliyeitwa mrembo, na wengine wawili waliokutwa bado kitandani. Washindi wakasimamisha kumbukumbu ya ushindi, wakakusanya silaha na mizigo, wakarudi Phyle. Askari wa farasi kutoka mjini walipofika hawakumkuta adui hata mmoja. Wakangoja hadi ndugu walipowachukua maiti wao, wakarudi zao.

Hapa pana jambo la kupima. Ngome haikumshinda mtu asubuhi ile. Vita ilikuwa porini. Lakini bila ngome asingethubutu mtu kushuka na watu 700 kuivamia kambi ya wanajeshi wa kulipwa wa Sparta, maana kushindwa kungekuwa ndio mwisho wao wote. Mwamba nyuma yao uliifanya hatari ile iwe ya kubebeka.

Mpangilio wa matukio nao una mgogoro wake. Kwa Xenophon, kikosi cha Sparta kilikuwa kimekwisha kufika, na Theramenes, mwenzao aliyewapinga Thelathini, alikuwa amekwisha kuuawa kabla ya Phyle. Katiba ya Waathene, maandishi yaliyotoka kwa Aristotle au shule yake, yanapanga kinyume: kwanza Phyle na msafara ulioshindwa, ndipo wakawanyang'anya wengine silaha, wakamwua Theramenes, na wakaiomba Sparta askari 700 chini ya Callibius. Si tofauti ya mzaha. Kwa mpangilio wa pili, watu 70 juu ya mwamba ndio walioisukuma serikali kwenye ukatili wake mkubwa na kumwita mgeni. Mimi nauegemea wa Xenophon, kwa sababu uchungu uliowapeleka watu Phyle unahitaji chanzo. Lakini maandishi ya pili yanashika jambo la kweli: baada ya theluji ile Thelathini hawakutawala tena kama watu wenye uhakika.

Ushahidi ni walivyofanya baada ya kipigo cha alfajiri. Walijaribu kumnunua. Diodorus anasema walimpa Thrasybulus nafasi ya Theramenes katika baraza, na ruhusa ya kuwarudisha wakimbizi 10 wowote awatakao. Akajibu kwamba uhamisho wake una heshima kuliko utawala wao wote. Kisha wakatafuta ngome yao wenyewe. Wakaenda Eleusis, wakawakamata watu wa huko kwa hila, na wengine wa Salamis, kama 300, na wakawalazimisha wale 3,000 wapige kura ya wazi ya kuwaua, huku nusu ya jengo ikiwa imejaa Wasparta wenye silaha. Serikali iliyokuwa na mji mkuu ilikuwa inajiandalia pa kukimbilia.

Siku chache baada ya kipigo, Thrasybulus akateremka usiku na watu 1,000 akaingia Piraeus. Kilichofuata kwenye kilima cha Mounichia ni kisa kingine: watu wa mjini walipanda barabarani kwa kina cha ngao 50, wa Phyle wakawangoja juu kwa kina cha 10, na Critias akafa pale. Baada yake Cleocritus, mpiga mbiu wa Siri za Eleusis, aliyejaliwa sauti kubwa, akawauliza watu wa mjini kwa nini wanawaua wenzao kwa ajili ya Thelathini, ambao katika miezi 8 walikuwa karibu wameua Waathene wengi kuliko Wapeloponesi wote katika miaka 10 ya vita. Vuli ya 403 demokrasia ilirudi, pamoja na kiapo cha kutokumbushana mabaya.

Malipo

Waliporudi, wakaanza kuhesabiana. Archinus, naye mtu wa Phyle, alipitisha azimio la kuwapa tuzo walioshika ngome. Msemaji Aeschines, akilikumbuka mahakamani mwaka 330, anasisitiza namna lilivyobana: Baraza lichunguze kwa makini ni nani hasa walizingirwa pale Phyle wakati Wasparta na Thelathini walipowashambulia. Si kila aliyewahi kupita, wala kila aliyesema alikuwapo. Tuzo yenyewe ilikuwa drakma 1,000 kwa wote kwa pamoja, za dhabihu na sadaka kwa miungu, ambazo kwa kila mmoja hazikufika drakma 10; na taji la matawi ya mzeituni, si la dhahabu. Drakma 10 kasoro zinamaanisha walikuwa zaidi ya 100, kwa hiyo ile 70 ya Xenophon imekwisha kuongezeka kabla theluji haijayeyuka. Vipande vya jiwe la majina yao vimechimbuliwa katika Agora, uwanja wa soko wa Athens.

Wasio raia waliopigana nao walipata jiwe lao mwaka 401, baada ya mabishano marefu. Archinus huyohuyo alilipinga mahakamani pendekezo la Thrasybulus la kuwapa uraia wote waliotoka Piraeus. Jiwe hilo limewapanga kwa majina na kazi zao: mkulima, mpishi, seremala, mwendesha nyumbu, mtunza bustani.

Phyle yenyewe ikajengwa kwa mawe yale tunayoyaona. Katika karne ya 4 vijana wa Athens walipewa ngao na mkuki na dola, wakapelekwa kukaa kwenye ngome za mpakani, Phyle ikiwamo, kuitazama Boeotia. Mwaka 304 KK kikosi kilichokuwa ndani ya kuta zake kilikuwa cha Cassander wa Makedonia, na kilikuwa kimeelekeza mikuki yake kusini, kwenye uwanda wa Athens. Demetrius, aliyeitwa Mzingiraji wa Miji, alikitoa, akawarudishia Waathene ngome yao.